Nilichomwambia Mama Yake Namwezi

Picha yenyewe haikukaa kwenye skrini hata dakika moja. Wasichana kama thelathini wamepangwa mbele ya jengo la matofali, nywele zao zote zimekatwa usawa wa masikio, na nyuma yao wamesimama masista wawili waliojifunga vitambaa vyeupe kichwani. Ilikuwa picha ya Kanada, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mimi nilikuwa Pinetown, nje kidogo ya Durban, kwenye chumba cha mafunzo cha ofisi yetu, na fulana ya rangi ya chungwa tuliyogawiwa asubuhi ile ilikuwa ikinibana kwapani. Sijui kwa nini, lakini kilichonijia kwanza hakikuwa sura za wale watoto. Ilinijia harufu ya asali ya msituni, ile nyeusi yenye moshi ndani yake.

Kazi yetu ni kupokea simu. Wateja wako Kanada, upande ule wanaozungumza Kifaransa, na kampuni iligundua kwamba Durban ina Wakongo na Warundi tele wanaokijua Kifaransa na wanaotafuta kazi. Kwa hiyo mtu akikatikiwa na intaneti huko kwenye theluji, anayemwambia azime kile kisanduku kisha akiwashe tena ni mimi, mtu wa Kivu. Mara moja kwa mwaka tunafundishwa historia ya nchi ya wateja, tusije tukawakosea adabu. Safari hii somo lilikuwa shule za bweni ambako watoto wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile walipelekwa, wengi wao kwa nguvu, wakakatazwa lugha za mama zao na kupewa majina mengine. Zile fulana za chungwa zilikuwa za kuwakumbuka watoto hao, na mwishoni kulikuwa na maswali ya kujibu kwenye kompyuta.

"Eish," akasema Jean-Bosco, Mrundi anayekaa meza ya jirani na yangu. "Wakosane wao kule, mtihani tufanye sisi?"

Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Thandeka, msimamizi wetu, alisimamisha video.

"Bibi yangu aliitwa Beauty," alisema. "Nyumbani hakuna aliyempa jina hilo. Mwalimu alimpa siku ya kwanza ya shule, maana jina lake la Kizulu lilimshinda kulitamka. Tulimzika nalo."

Akaiwasha tena video. Lakini mimi, kimawazo, nilikuwa nimeshaondoka pale.

Wenzangu mliolelewa bwenini na masista mtanielewa nikisema shule ile naweza kuitembelea kwa pua tu. Nta ya sakafu. Sabuni ya mche. Maharage yaliyoungua chini ya sufuria. Masweta ya sufu yaliyonyeshewa na kuanikwa ndani kwa sababu nje ukungu haukuisha. Shule ilijengwa mgongoni mwa kilima, chini yake mashamba ya chai, juu yake msitu, na msitu ule ulikuwa karibu kiasi kwamba asubuhi tulisikia nyani wakigombana. Mama yangu alikuwa amekufa akimzaa mdogo wangu. Baba alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali, na aliniweka pale kwa sababu hakujua aniweke wapi pengine. Alikuja mara mbili kwa muhula, kama mvua haijaikata barabara. Sare yake ya kijani niliiona nzuri kuliko nguo za askofu.

Namwezi aliletwa katikati ya muhula kwenye lori la walinzi, pamoja na watoto wengine wanne. Walikuwa Watwa, wenyeji wa msitu ule. Baba alinieleza kwamba watu wao wameondolewa msituni ili wanyama wapate amani, na mimi katika sentensi ile sikuona tatizo lolote. Sasa walikuwa wanaishi pembeni ya msitu, kwenye mashamba ya watu, na watoto wao walikuwa wanatafutiwa shule. Wale wanne walitoroka kabla ya wiki kwisha. Yeye alibaki kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni.

Mamere, sista mkuu wa shule, alimkata nywele mwenyewe, kwenye kiti nje ya jiko. Zilikuwa zimesukwa pamoja na mbegu nyeusi ndogo ndogo, na kila mkasi ulipouma, mbegu zilidondoka kwenye saruji zikirukaruka. Nikaambiwa nizifagie. Alipomaliza, Mamere alimshika kidevu akamwambia kwamba tangu leo yeye ni Bernadeta. Mimi nilimwonea fahari. Nilidhani amepewa zawadi, kama unavyopewa viatu.

"Esperansi," Mamere akaniambia, "wewe utakuwa malaika wake."

Kuwa malaika maana yake ilikuwa kulala kitanda cha pili yake, kumfundisha Kiswahili na Kifaransa, na kutoa taarifa. Kila alipoteleza akasema neno la kwao, nilitakiwa kumwambia sista wa zamu, na Namwezi alivishwa kibao: kipande cha ubao chenye kamba, kinachoning'inia kifuani mpaka jioni. Ajabu yake ni kwamba lugha aliyokatazwa ilikuwa ndiyo lugha yangu pia. Watwa wa upande wetu huzungumza kama sisi, wanaivuta kidogo tu mwishoni. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuificha. Jumamosi, kama nimetoa taarifa vizuri, nilimiminiwa kijiko cha maziwa ya unga kiganjani. Nilikilamba kiganja nikiamini kwamba mbinguni wananiona.

Na nilimpenda. Sijui niliwezaje kufanya yote mawili, lakini nilimpenda. Asubuhi kabla ya kengele alikuwa ananigusa bega na kunitajia ndege kwa sauti zao, chini ya blanketi, mdomo wake karibu na sikio langu. Kulikuwa na ndege mmoja anayewaongoza watu kwenye mzinga, na alimwiga sawasawa, mpaka siku moja sista alifungua dirisha kumtafuta. Namwezi alicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitetemeka, na mimi nilibanwa na kicheko mpaka nikauma shuka. Jina lake la kweli alinipa tukiwa bafuni, maji yakimwagika ili mtu asisikie. Alizaliwa mwezi ukiwa mzima, ndiyo maana.

Jioni alisimama kwenye dirisha la chumba cha kufulia akiutazama msitu, midomo ikicheza. Nilimwambia Mamere kwamba Bernadeta anasali sana, na Mamere alifurahi. Baadaye nilimsogelea nikasikia. Alikuwa anataja watu wa kwao, mmoja mmoja. Akifika mwisho, anaanza upya.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nawapitia," alisema. "Nisije nikamwacha mmoja."

Baba alipokuja na sare yake, Namwezi aliingia chini ya kitanda na hakutoka mpaka gari lilipoondoka. Nilidhani anaogopa bunduki. Nikamwambia kwamba baba yangu hapigi watoto.

Sasa nifike kwenye lile lango.

Ilikuwa siku ya wiki, baada ya chakula cha mchana. Bawabu alikuja jikoni akasema, "Iko mama moja kwa lango, anaomba mtoto wake." Wazazi walikuwa wanaruhusiwa siku za sikukuu tu, na Mamere hakutaka kuinuka. Aliniita mimi kwa sababu nilijua lugha. "Kamwambie mtoto yuko darasani, hajambo. Aje Pasaka."

Mwanamke alikuwa amesimama nje ya vyuma, miguu imejaa matope makavu mpaka magotini. Mtu anayetoka kwao hutembea siku mbili. Alikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani ya mgomba, na alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Aliponiona alitabasamu, akatazama nyuma yangu kuona kama Namwezi anakuja.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nacho moyoni wakati ule. Nakumbuka ile miguu. Nakumbuka kuwaza kwamba hakuna mtu duniani ambaye angetembea siku mbili kwa ajili yangu, na kwamba hata kama mama yangu angekuwa hai, pengine asingetembea. Kitu kikanipanda kifuani, cha moto, na kabla sijajua nimefungua kinywa.

"Amesema hataki kukuona," nikamwambia. "Amesema sasa ana jina lingine."

Hakubisha. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba hakuona sababu ya kutoamini. Aliutazama mlango wa shule, dirisha moja baada ya jingine. Kisha akanipitishia kibuyu kati ya vyuma.

"Basi mpe hii," alisema. "Mwambie nyuki ni wale wale."

Nilikwenda nyuma ya chumba cha kufulia nikaila ile asali yote, kwa vidole, haraka, bila hata kuifurahia. Kibuyu nilikitupa shimoni. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa tena.

Jioni, tukiwa tumepiga magoti kwa rozari, Namwezi aligeuka akanitazama. Akauchukua mkono wangu, akauleta puani, akaunusa kwa muda mrefu. Alifumba macho. Kisha akaniuliza kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile hakuna sista mle kanisani.

"Mama alikuja?"

"Hapana," nikasema. "Mamere ndiye aliyenipa asali."

Aliendelea kuushika mkono. Hofu ikanishika kwamba ataniuliza tena na mimi nitasema ukweli. Nikanyoosha ule mkono mwingine na kutoa taarifa kwamba Bernadeta amesema lugha ya kwao. Alivishwa kibao siku tatu kwa sababu ilikuwa kanisani. Hakunikasirikia. Asubuhi iliyofuata hakunitajia ndege, basi.

Kiangazi kikaja na baridi yake, na kifua kikaanza kumbana Namwezi. Alikohoa mpaka wasichana wakalalamika. Wakamhamishia chumba cha wagonjwa, na nilipokwenda na uji nikaambiwa niuache mlangoni. Siku moja tulikuta nyuma ya jiko wanachoma godoro. Moshi wake ulikuwa mzito na wa kichefuchefu, uliingia mpaka darasani. Nilidhani masista wanafanya usafi wa kiangazi. Chakula cha jioni Mamere alisimama akatuambia kwamba Bernadeta ametuacha, amerudi nyumbani kwa Baba.

Wengine waliinamisha vichwa. Mimi niliona wivu. Baba yake alikuwa mrina asali, Namwezi alikuwa ameshaniambia, na nikamwona amekaa karibu naye kwenye moto, amepona, anakula vitu vitamu. Kisha nikalikumbuka lile lango. Amefika nyumbani. Mama yake atakuwa amemwuliza kwa nini alimkataa, yeye atakuwa amesema hakumkataa, na sasa wote wawili wanajua kwamba yule msichana wa langoni ni mwongo.

Mwisho wa mwaka ule baba alihamishiwa Bukavu, akanichukua. Sikumwuliza mtu yeyote chochote. Lakini kwa miaka mingi, nikiona wanawake wa Kitwa barabarani na mizigo yao ya kuni, nilivuka upande wa pili nisije nikakutana na mama yake Namwezi. Nilikua, nikaolewa, vita ikatukimbiza, nikapita Tanzania, nikashuka mpaka Durban, na hofu ile nilikuja nayo, ndogo, imekunjwa vizuri. Kwamba kuna mwanamke mahali fulani anayejua nilidanganya.

Ndipo nilipokaa Pinetown na fulana ya chungwa, na video ikaeleza kwamba watoto wengi walikufa kule kule shuleni kwa vifua na homa, na kwamba wazazi walipelekewa habari kwa maneno laini, eti mtoto ameitwa nyumbani na Baba.

Nimezika watu wangu. Nimesimama kwenye misiba sijui mingapi nikasema maneno yale yale na kujua maana yake. Lakini yale ya Mamere niliyasikia nikiwa na miaka kumi na moja, nikayaweka mahali pake, na sikuwahi kuyagusa tena. Sasa yalifunguka yenyewe. Kile kikohozi. Uji mlangoni. Godoro. Namwezi hakufika nyumbani. Hakumwambia mama yake chochote. Basi yule mwanamke hakuwa anajua kwamba nilidanganya. Alikuwa anaamini.

Nilitoka nikaenda kusimama karibu na mashine ya kahawa. Thandeka alinifuata akidhani naumwa. Nikamweleza pale pale, nikichanganya Kiingereza na Kifaransa, na sikujificha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama bado yuko hai?" aliuliza.

"Sijui."

"Sasa mbona unaniambia mimi?" Hakusema kwa ubaya. Alinipa kitambaa cha karatasi akarudi ndani.

Nilimpigia mdogo wangu, Deo, aliyebaki Bukavu. Alilalamika kama kawaida yake. "Dada, unatafuta mtu kwa jina la mtoto aliyekufa? Kwa watu wasio hata na barabara?" Hata hivyo alitafuta. Ilichukua wiki nyingi. Kulikuwa na mwalimu kijana mwenye shule ndogo ya miti na turubai pembeni ya msitu, na mwalimu huyo alisema anamjua, kila mtu pale anamjua, anaitwa Mama Namwezi mpaka leo.

Simu ilikuja Jumapili mchana, nikiwa nimetoka kanisani, wali uko jikoni. Nikazima jiko. Kwenye dirisha langu nyumba za mtaa wetu wa Cato Manor zilikuwa zimejipanga juani, na jirani alikuwa anaosha gari kwa muziki wa sauti kubwa. Nikafunga dirisha.

"Nimemweleza kwamba ulisoma na marehemu binti yake," alisema mwalimu. "Ninampa simu."

Nilisikia kuku, nikasikia watoto, kisha pumzi ya mtu aliyeweka simu karibu mno.

"Mama," nikasema kwa lugha ya kwetu, "mimi ndiye mtoto aliyekuja langoni."

"Yule wa soksi nyeupe," akasema.

"Ndiye mimi. Mama, nilikudanganya. Namwezi hakukataa kukuona. Hakuambiwa hata kwamba umekuja. Maneno yale niliyatunga mimi. Na asali niliila mimi."

Jirani alikuwa amezima muziki. Niliweza kusikia mwanamke yule anavyomeza mate, huko, pembeni ya msitu.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Sema na jina lake."

"Namwezi hakukukataa, mama. Namwezi hakukukataa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na kwa aibu nakiri kwamba nilikuwa nimeutamani. Hakunipa hata kimojawapo. Alisema tu, "Baba yake alikufa akijua mtoto ametukataa," kama anayeniarifu jambo ambalo ni haki yangu kulijua. Nililia nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni, nisimwachie yeye kazi ya kunibembeleza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Kaa sasa, uniambie."

Alitaka kujua kila kitu. Alilala upande gani, ukutani au penye njia? Walimpa blanketi ngapi? Chumvi walitia kwenye chakula? Kile kidonda cha mguu kilipona? Nilimweleza kuhusu ndege, nikamwiga yule wa mzinga, vibaya, naye akanisahihisha. Nilimweleza kuhusu dirisha na majina. Akauliza Namwezi alianza na nani, nikamwambia kila siku alianza na yeye, mama yake. Sikumficha kibao, wala moshi wa lile godoro. Nilitambua nikiwa katikati ya kusimulia kwamba ile miezi saba hakuna mwingine aliyeiona, kwamba kila kitu kilichobaki cha mtoto wake kwa wakati ule kiko kwangu mimi, niliyemnyang'anya. Na nikajua pia nilichokuwa nakikosa miaka yote hii kila nilipoamka kabla ya kengele yoyote na kusubiri kitu nisichokijua. Nilikuwa nasubiri kuguswa bega.

Mwalimu alisema betri inakwisha. Mama Namwezi akamwambia asubiri.

"Siku ya mwisho ulipomwona," aliniuliza, "alikuwa anakufikia wapi?"

Nilisimama. Nilikuwa peke yangu jikoni, mtu mzima mwenye miwani, nikaweka kiganja kifuani kwangu, nikakipandisha, nikakishusha kidogo, nikitafuta.

"Hapa," nikasema, nikasahau kwamba hanioni. "Begani, mama. Alikuwa ananifikia begani."

"Wewe kama ulivyokuwa siku ile langoni?"

"Kama nilivyokuwa siku ile."

Akapima kichwani mwake.

"Basi alikuwa amerefuka," alisema.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Alikuwa amerefuka."